Rangi Nyekundu Si Damu: Namna ya Kupima Madai ya Afya katika Vyakula na Vinywaji vya Kila Siku

Ni nadra siku hizi mlaji kumaliza siku pasipo kukutana na chakula kinachodaiwa kutibu maradhi. Ndani ya basi, mchuuzi husimama kati ya viti akiinua kichupa cha unga wa majani na kutaja magonjwa mengi kwa pumzi moja. Kwenye kibanda cha juisi hubandikwa karatasi iliyoandikwa kwamba glasi moja kwa siku huongeza damu. Kwenye simu hufika ujumbe uliokwisha kupita mikononi mwa watu wengi, ukisema kwamba asali haimdhuru mgonjwa wa kisukari. Dukani nako, pakiti yenye picha ya moyo hudai kuulinda moyo wa mnunuzi.

Sehemu hii ya kijitabu inaeleza namna ya kuyapima madai ya aina hiyo. Hatukusudii kumzuia mtu yeyote kunywa rosela, kula mlonge au kutia asali katika uji. Vyakula hivyo ni vyema, na vingi vimekuwa mezani petu tangu enzi za wazee wetu. Tunachokichunguza ni maneno yanayofungashwa pamoja na chakula. Jambo ambalo tungependa msomaji alishike ni hili: hasara kubwa ya dai lisilothibitishwa aghalabu haiko katika shilingi zilizotoka mfukoni, bali katika tiba iliyoachwa au iliyocheleweshwa kwa sababu dai hilo liliaminiwa.

Aina tatu za madai

Si kila sifa ya chakula ni uongo, wala si kila sifa ina uzito sawa na nyingine. Ili kuzipambanua, mlaji azigawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni madai ya lishe. Hayo hueleza kilichomo ndani ya chakula: kwamba maziwa yana kalsiamu, au kwamba unga fulani umeongezwa madini ya chuma. Dai la namna hii linaweza kupimwa maabara, nalo huwa kweli au si kweli.

Fungu la pili ni madai ya kazi ya kirutubisho mwilini: kwamba kalsiamu husaidia kujenga mifupa, au kwamba mwili huhitaji chuma ili kutengeneza damu. Mengi ya madai haya yamethibitishwa. Hata hivyo, ukweli wake hutegemea kiasi. Chakula kinaweza kuwa na chuma kidogo mno kiasi kwamba kukitaja hakumfaidii mlaji.

Fungu la tatu ni madai ya tiba: kwamba chakula au kinywaji hiki huponya kisukari, hushusha presha, huondoa uvimbe au huzuia saratani. Hapa ndipo penye hatari. Tume ya Codex, iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na WHO ili kuweka viwango vya chakula vya kimataifa, imeelekeza kwamba chakula kisitangazwe kuwa kinazuia au kinatibu ugonjwa, isipokuwa pale ambapo kanuni mahususi zinaruhusu. Kwa maneno mengine, muuzaji anaposema kwamba kinywaji chake kinaponya, amekwisha kutoka katika biashara ya chakula na kuingia katika biashara ya dawa. Dawa nayo haiuzwi kwa maneno. Huuzwa baada ya kuchunguzwa na kusajiliwa.

Mfano wa kwanza: kinywaji chekundu na damu

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mama mjamzito anayeambiwa kliniki kwamba damu yake ni pungufu hupokea ushauri wa pili akifika nyumbani: anywe juisi ya rosela, ya bitiruti, au kinywaji kingine chochote chenye rangi nyekundu. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, na chanzo chake kinaeleweka. Damu ni nyekundu, na kinywaji nacho ni chekundu.

Lakini rangi si kirutubisho. Wekundu wa rosela hutokana na viini vya rangi vya mmea viitwavyo anthosianini. Wekundu wa bitiruti hutokana na viini vingine viitwavyo betalaini. Wekundu wa damu hutokana na himoglobini, ambayo mwili huijenga kwa kutumia madini ya chuma. Viini vya rangi ya rosela haviwezi kugeuka himoglobini, kama vile maji yaliyotiwa rangi nyeupe yasivyoweza kugeuka maziwa.

Tutazame hesabu. Gramu 100 za bitiruti mbichi zina takriban miligramu 0.8 za chuma. Mahitaji ya mama mjamzito hukadiriwa kuwa miligramu 27 kwa siku. Ili ayapate kutokana na bitiruti peke yake, angelazimika kula zaidi ya kilo 3 kila siku, na hata hapo mwili usingefyonza chuma chote, kwa kuwa chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko kile cha nyama na samaki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama mjamzito apate kila siku nyongeza ya miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na foliki asidi. Hiyo ndiyo sababu kliniki hutoa vidonge vya FEFO.

Kwa nini basi wapo wanawake wanaoshuhudia kwamba walikunywa rosela na damu ikapanda? Mara nyingi mama huyo alikuwa pia akimeza vidonge vyake, au alitibiwa malaria au minyoo, maradhi ambayo nayo hupunguza damu. Vidonge vilifanya kazi, sifa ikaenda kwa juisi. Ushuhuda wake ni wa kweli kwa maana ya kwamba hasemi uongo. Kilichokosewa ni sababu.

Kosa hilo lisingekuwa kubwa kama mama angeendelea na vidonge huku akinywa juisi yake. Tatizo huanza pale vidonge vinapomletea kichefuchefu au choo kigumu, kisha mtu akamwambia, «Achana navyo, juisi inatosha.» Mama asiye na damu ya kutosha hukaribia kujifungua akiwa na akiba ndogo. Akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, mwili wake huwa hauna cha kukabiliana na upotevu huo. Glasi ya juisi ina bei ndogo, lakini gharama ya kuiamini kupita kiasi inaweza kuwa maisha.

Ushauri wetu ni huu. Endelea kumeza vidonge ulivyopewa, na kama vinakusumbua, mweleze mhudumu wa afya badala ya kuviacha kimya kimya. Kula nyama, samaki au dagaa kadiri ya uwezo wako, pamoja na maharage na mboga za majani. Tunda lenye vitamini C, kama chungwa au pera, likiliwa pamoja na mlo husaidia mwili kufyonza chuma cha mimea. Chai na kahawa hupunguza ufyonzaji huo. Kwa hiyo ni vyema zinywewe mbali na mlo. Rosela unywe ukiipenda, kwa kuwa ni kinywaji kitamu, wala si kwa kuwa ni damu.

Mfano wa pili: «mara saba ya chungwa»

Majani ya mlonge yana virutubisho vingi, na hakuna ubaya kuyapika kama mboga au kutia unga wake katika uji. Hata hivyo, mlonge huuzwa kwa sifa mbili zinazostahili kuchunguzwa.

Sifa ya kwanza ni kwamba hutibu magonjwa 300. Idadi hiyo yenyewe ni onyo. Magonjwa yana vyanzo tofauti: mengine huletwa na bakteria, mengine na virusi, mengine na kasoro ya kiungo, mengine na uzee. Kitu kimoja hakiwezi kuondoa vyanzo vyote hivyo. Kadiri orodha ya magonjwa inavyorefuka, ndivyo uwezekano wa kuwapo uthibitisho wa kila moja unavyopungua.

Sifa ya pili huletwa kwa mfumo wa hesabu: vitamini C mara 7 ya chungwa, kalsiamu mara 4 ya maziwa, potasiamu mara 3 ya ndizi. Takwimu hizi hurudiwa kwenye pakiti na vipeperushi bila kusemwa ni kitu gani kinacholinganishwa na kitu gani. Majani mabichi si sawa na unga. Majani yakikaushwa, maji hutoka na madini hubaki yamekusanyika, hivyo gramu 100 za unga mkavu huwa na madini mengi kuliko gramu 100 za maziwa, ambayo sehemu yake kubwa ni maji. Lakini nani hula gramu 100 za unga wa mlonge kwa siku? Hizo ni zaidi ya vijiko 10 vya chakula. Mtu hutia kijiko kimoja, au nusu yake, ilhali maziwa hunywa kikombe kizima. Tena vitamini C huharibika kwa kukaushwa na kwa kupikwa. Kwa hiyo dai linaloweza kuwa na mantiki kwa jani bichi halihamii moja kwa moja kwenye unga uliokaa dukani miezi kadhaa.

Funzo la mfano huu halihusu mlonge peke yake. Kila unapoona maneno «mara saba ya», uliza: kwa kipimo kipi, kikiwa kibichi au kikavu, na kwa kiasi ambacho mtu hukila kweli?

Mfano wa tatu: asali na kisukari

Asali ni chakula chenye heshima, na ipo faida yake iliyofanyiwa utafiti: imeonekana kupunguza makali ya kikohozi cha mafua kwa watoto waliotimiza mwaka mmoja na zaidi. Hata hivyo, dai kwamba mgonjwa wa kisukari anaweza kuitumia apendavyo kwa sababu «ni sukari ya asili» si sahihi.

Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, na sehemu kubwa ya kilichosalia ni maji. Kijiko kimoja cha chakula cha asali kina takriban gramu 17 za sukari. Kijiko hicho hicho kikijazwa sukari ya mezani kwa usawa huwa na takriban gramu 12, kwa sababu asali ni nzito zaidi. Anayeacha kijiko cha sukari na kutia kijiko cha asali anaweza kuwa ameongeza sukari badala ya kuipunguza. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliiweka sukari ya asali na ya juisi za matunda katika kundi moja na sukari inayotiwa katika chai, na kushauri kwamba zote kwa pamoja zisifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, hiyo ni chini ya gramu 50, yaani vijiko vidogo 12 hivi.

Mgonjwa wa kisukari aliyeamini dai hili hapati dalili papo hapo. Sukari hupanda polepole, na madhara yake kwa macho, figo na miguu hujitokeza baada ya muda mrefu, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena ule ujumbe wa simu.

Tuongeze onyo moja kwa wazazi: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kulambishwa kidogo. Asali inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini ambavyo ndani ya utumbo wa mtoto mchanga huweza kuzaa sumu inayolegeza misuli, ikiwemo ya kupumua.

Uthibitisho ni nini?

Mlaji anaweza kuuliza: mbona basi limau huponya kiseyeye, na hilo nalo ni chakula? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linatuonyesha uthibitisho unavyopatikana.

Mwezi Mei 1747, daktari wa meli James Lind, akiwa katika meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba na kutokwa damu ufizi ambao uliua mabaharia wengi zama hizo. Aliwagawa wawili wawili. Wote walikaa mahali pamoja na kula chakula kimoja, ila kila jozi ilipewa nyongeza yake: moja mvinyo wa tufaha, moja siki, moja maji ya bahari, moja tindikali iliyozimuliwa, moja mchanganyiko uliokuwa na vitunguu saumu na haradali, na moja machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita tu. Hata hivyo mmoja wa wale waliokula matunda alikuwa amepata nguvu za kurudi kazini. Wenzao wa makundi mengine hawakupata nafuu ya namna hiyo.

Jaribio lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na jambo ambalo ushuhuda wa mtu mmoja hauna: ulinganisho. Lind hakuuliza tu kama aliyekula limau alipona. Aliuliza kama alipona zaidi ya mwenzake aliye katika hali ileile ambaye hakulila. Hicho ndicho kiini cha uthibitisho hadi leo, ingawa tafiti za sasa huhusisha watu wengi zaidi na hupangwa kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Ulinganisho nao una masharti yake. Kampuni ya Kellogg nchini Marekani iliwahi kutangaza kwamba nafaka yake ya kifungua kinywa iitwayo Frosted Mini-Wheats imeonyeshwa kitabibu kuongeza usikivu wa watoto kwa karibu asilimia 20. Mwaka 2009 tume ya serikali inayosimamia biashara ya haki nchini humo, FTC, ilieleza kwamba katika utafiti uliotajwa, ni takriban nusu tu ya watoto walioonyesha nafuu yoyote, na ni mmoja tu kati ya tisa aliyefikia asilimia 20 au zaidi. Aidha, watoto hao walilinganishwa na wenzao ambao hawakupata kifungua kinywa. Utafiti wa namna hiyo unaweza kuonyesha kwamba mtoto aliyekula ana usikivu kuliko mwenye njaa. Hauonyeshi kwamba nafaka hiyo inakishinda kikombe cha uji. Utafiti ulikuwapo kweli, ila tangazo lilisema zaidi ya yale yaliyoonekana.

Mfano mwingine unaonyesha kwa nini dhana nzuri haitoshi. Watafiti walikuwa wameona kwamba watu wanaokula kwa wingi mboga na matunda yenye beta karotini, kiini kinachoipa karoti rangi yake, huugua saratani ya mapafu kwa nadra zaidi. Ilionekana busara kuwapa watu kiini hicho katika kidonge. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki katika utafiti, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994: waliomeza beta karotini waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakuimeza. Karoti haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba faida ya mlo mzima inaweza kukamuliwa na kutiwa katika kidonge bila kupimwa upya.

Kipimo hiki kikitumiwa kwa ukali, madai mengi huanguka. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka sheria ya madai ya afya mwaka 2006, zikawataka wenye bidhaa wawasilishe madai yao. Yaliyowasilishwa yalikuwa takriban 44,000, mengi yakiwa yanarudiana. Baada ya wanasayansi kuyachambua, orodha ya kwanza iliyoidhinishwa mwaka 2012 ilikuwa na madai 222.

Maneno yanayostahili kuchunguzwa

Yapo maneno ambayo hutokea tena na tena katika matangazo ya vyakula. Mlaji akiyasikia asikatae papo hapo, bali asimame na kuuliza.

«Ni ya asili, haina madhara.» Asili si hakikisho la usalama. Tunda la balungi ni la asili, lakini juisi yake huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa za presha na za kupunguza lehemu, hata dawa ikajikusanya katika damu kupita kiasi kilichokusudiwa. Anayetumia dawa kila siku amuulize mfamasia kabla ya kuanza kinywaji chochote cha tiba.

«Huondoa sumu mwilini.» Kazi ya kuondoa taka mwilini hufanywa na ini na figo kila saa, bila kulipiwa. Muuzaji aulizwe: ni sumu gani, na ilipimwaje kabla na baada ya kunywa? Baadhi ya chai zinazouzwa kwa jina la kusafisha mwili au kupunguza tumbo zina sanamaki, ambayo ni dawa ya kuendesha. Uzito unaopungua baada ya kuharisha ni wa maji na kinyesi, si wa mafuta. Kuitumia mfululizo hupoteza maji na chumvi ambazo moyo na misuli huzihitaji.

«Hurekebisha asidi ya mwili.» Baadhi ya maji ya chupa huuzwa kwa bei ya juu kwa maelezo kwamba yana alkali. Maji hayo yakifika tumboni hukutana na tindikali kali ambayo ni ya kawaida na ya lazima kwa kumeng'enya chakula. Damu nayo hubaki katika kipimo cha pH kati ya 7.35 na 7.45, kinacholindwa na mapafu na figo. Maji safi na salama ya kawaida hutosha.

«Imethibitishwa kitaalamu.» Na nani, kwa watu wangapi, na wakilinganishwa na nani? Dai la kweli halichelewi kujibu maswali haya.

«Mimi mwenyewe nilipona.» Mafua hupona yenyewe ndani ya siku chache. Maumivu ya mgongo na ya viungo huja na kuondoka. Aliyekunywa kinywaji siku ambayo maumivu yalikuwa makali zaidi atapata nafuu baadaye hata kama kinywaji kilikuwa maji matupu. Aidha, waliokunywa wasipone hawaitwi kutoa ushuhuda.

Madai ya namna hii hustawi zaidi wakati wa hofu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, mchanganyiko wa limau, tangawizi na vitunguu saumu ulisifiwa kuwa kinga. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kitunguu saumu ni chakula chenye manufaa, lakini hakukuwa na ushahidi kwamba kimewakinga watu na virusi hivyo. Penye hofu watu hutafuta la kufanya, na hilo ni la kibinadamu. Ila hofu ndiyo hali ambayo muuzaji asiye mwaminifu huisubiri.

Maswali matano kabla ya kulipa

Mlaji asiye na taaluma ya afya anaweza kujilinda kwa maswali machache.

1. Je, muuzaji anataja kilichomo, au anataja ugonjwa? Akitaja ugonjwa, ni dai la dawa. Ulizia usajili wake.

2. Je, anasema kiasi? Kirutubisho kisichotajwa kiasi chake hakiwezi kupimwa faida yake.

3. Je, anaponya magonjwa mangapi? Orodha ndefu ni dalili ya uthibitisho mfupi.

4. Je, anakuambia uache dawa, au usimwambie daktari? Hili likitokea, usinunue. Hakuna chakula cha kweli kinachohitaji siri.

5. Je, ningekinunua kwa bei hii kama dai lisingekuwapo? Swali hili hutenganisha thamani ya chakula na thamani ya maneno.

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chakula bora hakihitaji kutajiwa magonjwa ili kinunuliwe.

Ikiwa umekwisha kupotoshwa

Usione aibu. Madai haya hutungwa na watu wanaojua hofu na matumaini ya wengine, na huwanasa wasomi na wasiosoma pia.

Kama uliacha au ulipunguza dawa, rudi kituo cha afya mapema na ueleze ukweli, ukichukua pakiti ya kile ulichokuwa ukitumia. Usirudie dozi kubwa kwa uamuzi wako ili kufidia siku zilizopita. Mhudumu wa afya anahitaji kujua ulichokunywa, naye si hakimu wako.

Tunza ushahidi: pakiti au chupa yenye lebo, risiti, picha ya bango, au ujumbe wa simu ulio na jina la muuzaji na tarehe. Bila vitu hivi, malalamiko huwa magumu kufuatiliwa.

Fahamu pia pa kupeleka lalamiko lako. Kwa Tanzania Bara, usalama na ubora wa chakula, ambao awali ulisimamiwa na TFDA, tangu mwaka 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA. Dawa za asili na waganga wake husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Tangazo linalopotosha walaji ni suala la Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa upande wa Zanzibar, masuala ya chakula na dawa hupelekwa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Usipojua ni ofisi ipi, mwone afisa afya au afisa biashara wa halmashauri yako, akuelekeze.

Tunamalizia pale tulipoanzia, kwa yule mama wa kliniki. Hatuwaombi ndugu zake waache kumtengenezea juisi. Glasi hiyo ni ishara ya kumjali, na mama mjamzito anastahili kujaliwa. Tunawaomba waongeze jambo moja: wanapompa glasi, wamuulize kama amemeza kidonge chake. Na siku yake ya kliniki ikifika, wamsindikize ili damu ipimwe, kwani kipimo hicho ndicho kitakachoonyesha kama damu imeongezeka.